Mnyoo Aliyeipindua Nadharia ya Uzee

Desemba 1945, Helen Harman wa California alimwonyesha mumewe makala aliyoikuta katika jarida la akina mama, Ladies' Home Journal. Mwandishi wake, William Laurence wa gazeti la New York Times, alikuwa akieleza juhudi za wanasayansi wa Kisovieti mjini Kiev za kurefusha maisha ya binadamu. Mume, Denham Harman, alikuwa mkemia wa kampuni ya mafuta ya Shell. Kazi yake ilimkutanisha kila siku na radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake, ambavyo havitulii mpaka viipokonye molekuli ya jirani elektroni yake. Makala ile haikumtoka kichwani. Baada ya miaka michache aliacha ajira iliyokuwa ikimlipa vizuri, akaenda kusomea udaktari Stanford, na mwaka 1954 akapata nafasi katika maabara ya Donner ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, alikaa miezi minne akijiuliza swali moja: ni kitu gani kinachozeesha viumbe vyote? Novemba ya mwaka huo jibu likamjia ghafla. Ni zile zile radikali alizozizoea kule kwenye mafuta.

Makala aliyoichapisha mwaka 1956 katika Journal of Gerontology ina kurasa tatu tu. Wakati wenyewe ulimsaidia. Dunia ilikuwa imeiona Hiroshima, na wataalamu wa mionzi walikwisha kujua kwamba mionzi inaudhuru mwili kwa kuzalisha radikali ndani ya maji ya seli. Mwaka 1954 Rebeca Gerschman, mwanasayansi wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Rochester, Marekani, alikuwa ameonyesha kwamba sumu ya oksijeni nyingi na madhara ya eksirei vina chanzo kimoja. Harman akasogea hatua moja mbele na kusema kwamba huhitaji bomu wala eksirei, kupumua kunatosha. Oksijeni inayotupa uhai inazalisha, siku hadi siku, vipande vinavyotafuna protini, mafuta na DNA, na uzee ni jumla ya majeraha hayo.

Wengi hawakumjali. Mambo yalibadilika mwaka 1969 pale Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walipotangaza kimeng'enya maalumu cha kuiondoa superoksidi, moja ya radikali hizo, ambacho karibu kila kiumbe kinachotumia oksijeni kinacho. Ikiwa mwili umejitengenezea silaha, adui hawezi kuwa wa kufikirika. Mwaka 1972 Harman akamtaja mtuhumiwa mkuu. Alisema umri wa kiumbe unaamuliwa na mitokondria.

Mitokondria hazikuwa ngeni. Richard Altmann wa Leipzig alizieleza mwaka 1890, akadai kwamba ni viumbe vidogo vinavyojitegemea, vinavyoishi ndani ya seli. Hakuna aliyemsikiliza. Carl Benda akazipa jina zinaloitwa hadi leo mwaka 1898. Kisha zikakaa karibu nusu karne zikiwa punje na nyuzi tu chini ya hadubini, mpaka Albert Claude wa Taasisi ya Rockefeller, New York, alipoponda maini ya panya na kuyazungusha katika mashine kwa kasi kubwa hata sehemu za seli zikajitenga kwa uzito wake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Eugene Kennedy na Albert Lehninger, Chicago, wakathibitisha kwamba ndani ya punje hizo ndimo chakula kinamochomwa kwa oksijeni na nishati yake kuwekwa katika molekuli iitwayo ATP. Elektroni zinazotolewa kwenye chakula hupokezanwa na protini moja hadi nyingine katika utando wa ndani, na mwisho wa mnyororo huo oksijeni inazipokea. Zikivuja kabla ya kufika mwisho, superoksidi inazaliwa. Kwa hiyo Harman hakumtuhumu mtu asiyekuwepo mahali pa tukio.

Madaktari nao walikwisha kuonja matatizo ya chombo hiki. Mwaka 1962 Rolf Luft na wenzake wa Stockholm walieleza habari za mwanamke wa miaka 35 aliyekuwa akilowa jasho tangu utotoni, akila sana na bado amekonda. Daktari yeyote angeanza na tezi ya thairoidi; na kweli walianza nayo, wakaikuta haina kasoro. Walipochukua kipande cha msuli wake wakaona mitokondria nyingi kupita kiasi, zinazochoma chakula bila breki na kuacha nishati ipotee kama joto. Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa mitokondria kuelezwa katika tiba.

Mambo mawili zaidi yanahitajika kabla ya kuendelea. La kwanza ni kwamba Altmann hakuwa mbali sana na ukweli. Mwaka 1967 Lynn Margulis, ambaye makala yake ilikataliwa na majarida mengi kabla ya kuchapishwa, alitoa hoja kwamba mitokondria ni kizazi cha bakteria waliomezwa na seli nyingine zamani sana wakabaki humo. Leo hakuna mwanabiolojia makini anayebisha. La pili ni urithi ambao bakteria hao walibaki nao. Mitokondria zina DNA yake zenyewe, na ile ya binadamu ilisomwa yote Cambridge mwaka 1981. Ina herufi 16,569 na jeni 37, na kati ya hizo ni 13 tu zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Protini nyingine zote za mitokondria, zaidi ya elfu moja, huandikwa katika jeni za kiini cha seli, zikatengenezwa nje, kisha zikaingizwa ndani moja moja. Msomaji alishike hilo la kuingizwa, maana simulizi nzima itakuja kuegemea hapo.

Katika miaka ya 1980 na 1990 nadharia ya Harman ilitoka maabara ikaingia dukani. Kama radikali ndizo zinazozeesha, basi chochote kinachozima radikali kinarefusha ujana, na vitu vya namna hiyo, antioksidanti, vilikuwa tele na rahisi kutengeneza: vitamini C, vitamini E, beta-karotini ya karoti. Hoja ilikuwa nzuri mno. Pale ilipopimwa kwa watu wengi, ilianguka vibaya.

Finland walichukua wanaume 29,133 wavutaji sigara, wenye umri kati ya miaka 50 na 69, wakawapa wengine beta-karotini, wengine vitamini E, wengine vyote viwili na wengine vidonge visivyo na dawa. Majibu yalichapishwa mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Wengi walidhani ni bahati mbaya ya takwimu. Lakini Januari 1996 jaribio la pili, la Marekani, lililochanganya beta-karotini na vitamini A, lilisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Mwaka 2007 Goran Bjelakovic na wenzake walikusanya majaribio 68 yaliyohusisha watu 232,606. Hawakuona antioksidanti zikirefusha maisha ya yeyote, na katika majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi, beta-karotini, vitamini A na vitamini E ziliandamana na vifo vingi zaidi. Maduka hayakufunga. Biashara ya vidonge hivi haijawahi kuhitaji ushahidi kuliko inavyohitaji chupa nzuri.

Wakati huo tayari kulikuwa na minong'ono ndani ya sayansi kwamba kuna kitu hakikai sawa, na ilitokea kwa mnyoo.

Mnyoo mwenyewe ni C. elegans, mwenye urefu wa milimita moja, anayekula bakteria katika vitu vinavyooza. Ukoo unaotumika maabara karibu dunia nzima ulitoka katika mboji ya uyoga mjini Bristol, Uingereza. Sydney Brenner alimchagua katika miaka ya 1960 kwa sababu za kivivu za busara: anazaana haraka, mwili wake ni kama kioo, unamwona ndani yote, na seli zake zinahesabika, 959 bila kuhesabu za uzazi. Kwa wachunguzi wa uzee ana sifa nyingine. Anaishi wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo mtafiti anaweza kumwona akizaliwa, akizeeka na akifa kabla fedha za mradi hazijakwisha. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon wa San Francisco alionyesha kwamba badiliko katika jeni moja, daf-2, humfanya aishi zaidi ya mara mbili ya kawaida. Baada ya hapo kila mtu alitaka minyoo.

Montreal, katika Chuo Kikuu cha McGill, Siegfried Hekimi alikuwa akitafuta kitu kingine. Alivutiwa na minyoo ambao saa zao za mwilini zimekwenda mrama. Mnyoo mzima hujisaidia kwa ratiba, karibu kila sekunde 45 hadi 50, na Hekimi na wanafunzi wake walikaa wakiwahesabia. Walipata ukoo ambao kila kitu chake ni cha polepole: hujisaidia polepole, humeza polepole, hukua polepole. Wakaiita jeni hiyo clk-1. Ukoo huo pia ulichelewa kufa. Mwaka 1997 ikajulikana kwamba clk-1 inahusika na kutengeneza yubikwinoni, molekuli inayobeba elektroni katika ule mnyororo wa mitokondria. Miaka minne baadaye maabara ile ile ikaeleza ukoo mwingine, isp-1, wenye kasoro ndani ya protini ya mnyororo wenyewe. Mnyoo wa ukoo huo anatumia oksijeni kidogo na anaishi muda mrefu sana.

Hapo bado mtetezi wa Harman angeweza kujitetea: mnyororo ukienda polepole, uvujaji unapungua, radikali zinapungua, maisha yanarefuka. Ni hoja safi. Hekimi mwenyewe ndiye aliyeivunja. Mwaka 2009 yeye na Jeremy Van Raamsdonk waliondoa kwa mnyoo kimeng'enya kinachozima superoksidi ndani ya mitokondria, wakitarajia afe mapema, akaishi zaidi. Mwaka uliofuata, akiwa na Wen Yang, alipima na kukuta kwamba baadhi ya minyoo wake wenye mitokondria mbovu wana superoksidi nyingi zaidi ya kawaida. Kisha wakafanya jambo ambalo mkulima yeyote angelishangaa: waliwapa minyoo wazima parakwati, ile dawa kali ya kuua magugu ambayo kazi yake ni kuzalisha superoksidi. Kwa kiasi kikubwa inaua. Kwa kiasi kidogo sana, minyoo waliishi muda mrefu zaidi. Walipowapa minyoo wenye mitokondria mbovu antioksidanti, ule urefu wa maisha ukapungua.

Turudi nyuma kidogo, kwenye mwaka 2002, kwa sababu jaribio la mwaka huo kwangu ndilo lenye maana kubwa kuliko yote. Andrew Dillin alikuwa kijana katika maabara ya Kenyon. Miaka minne kabla, Andrew Fire na Craig Mello walikuwa wamegundua namna ya kunyamazisha jeni yoyote ya mnyoo kwa RNA yenye nyuzi mbili, na watu wakapata njia rahisi ya kuifikisha: unaiweka ndani ya bakteria, mnyoo anaila pamoja na chakula chake. Dillin alinyamazisha jeni za mnyororo wa mitokondria tangu minyoo wanapoanguliwa. Kiwango cha ATP kilishuka sana, minyoo wakadumaa, wakatembea polepole, wakaishi zaidi. Kisha akarudia, safari hii akianza baada ya minyoo kukomaa. ATP ilishuka vile vile. Mwendo wao ukabaki wa kawaida, na umri wao pia. Tena, wale walioanzishiwa utotoni, hata kizuizi kilipoondolewa ukubwani, waliendelea kuwa polepole na kuishi muda mrefu.

Maana yake ni nzito. Kama uzee ungekuwa ni majeraha yanayojikusanya tu, kupunguza uvujaji ukubwani kungesaidia angalau kidogo. Hapa mwili ulikuwa umesoma jambo fulani utotoni, ukafanya uamuzi, na uamuzi huo ukadumu maisha yote. Swali likahama kutoka kwenye jeraha kwenda kwenye jibu la seli kwa jeraha. Nani anamwambia nani, ndani ya seli, kwamba mitokondria iko taabuni?

Sehemu ya jibu ilikuwa imeanza kuonekana Melbourne, Australia. Katika Chuo Kikuu cha La Trobe, Nicholas Hoogenraad na wenzake waliona mwaka 1996 kwamba seli zilizopokonywa DNA ya mitokondria huongeza protini mbili ambazo kazi yake ni kuzisaidia protini nyingine zikunjike vizuri. Protini ni uzi mrefu. Isipokunjwa kwa umbo lake haifanyi kazi, na mbaya zaidi hugandamana na nyenzake. Mwaka 2002 walifanya jaribio la wazi zaidi. Walichukua seli ambazo asili yake ni figo ya tumbili wa Afrika, wakazilazimisha kupeleka ndani ya mitokondria protini iliyoharibiwa makusudi isiweze kukunjika. Jeni za wasaidizi wa mitokondria zikaamka kiinini. Wasaidizi wa sehemu nyingine za seli walibaki kimya. Kwa hiyo kulikuwa na njia maalumu ya habari kutoka mitokondria kwenda kiini.

Njia hiyo ilifuatwa New York, katika maabara ya David Ron, tena kwa mnyoo. Mwaka 2004 walitoa habari za minyoo waliotengenezwa ili jeni za wasaidizi, hsp-6 na hsp-60, zinapoamka zitoe pia protini inayong'aa kijani. Mnyoo mzima ni mweusi chini ya taa. Yule ambaye mitokondria zake zinasumbuka anang'aa. Kuanzia hapo kutafuta kulikuwa ni kazi ya subira: nyamazisha jeni moja baada ya nyingine, uone ni ipi ikikosekana mng'ao unazimika. Cole Haynes, aliyeanzia katika maabara hiyo na baadaye akawa na yake, aliishia kwenye protini iitwayo ATFS-1.

Namna inavyofanya kazi, kama Haynes na wenzake walivyoieleza mwaka 2012, ina usahili unaofurahisha. ATFS-1 ina anwani mbili zilizoandikwa mwilini mwake, ya mitokondria na ya kiini cha seli. Mitokondria ikiwa na afya, milango yake ya kuingizia protini inafanya kazi, ATFS-1 inavutwa ndani na kukatwakatwa papo hapo. Seli inaitengeneza kila siku ili iharibiwe kila siku. Mitokondria ikidhoofika, milango inalegea, ATFS-1 inabaki nje, na anwani ya pili inachukua nafasi: inakwenda kiinini na kuamsha jeni za wasaidizi, za vimeng'enya vya kukata protini zilizoharibika, za kutumia sukari bila kuitegemea mitokondria. Hakuna mjumbe anayepaswa kutoka ndani ya nyumba inayoungua. Kushindwa kuingia ndiyo habari yenyewe.

Mwaka 2011 Jenni Durieux na Dillin, ambaye sasa alikuwa Taasisi ya Salk, walikuwa wamekwisha kuongeza mshangao mwingine. Walivuruga mitokondria za seli za neva peke yake. Utumbo wa mnyoo, ambao haukuguswa, ukawasha ule mwitikio wa kuamsha jeni za wasaidizi, na mnyoo akaishi zaidi. Walipovuruga za misuli, maisha hayakurefuka. Kumbe habari inasafiri kati ya viungo, na si kila kiungo kinasikilizwa.

Lausanne, Uswisi, Riekelt Houtkooper na Johan Auwerx walianzia kwa panya. Walikuwa na koo nyingi za panya waliochanganywa kutoka mababu wawili, nyingine zikiishi mwaka mmoja tu, nyingine zaidi ya miaka miwili. Walipotafuta jeni zinazoenda sambamba na tofauti hiyo walifika kwenye zile za ribosomu za mitokondria, yaani mitambo inayotengeneza zile protini 13. Panya wenye mitambo hiyo michache kidogo ndio walioishi zaidi. Wakazinyamazisha kwa mnyoo, naye akaishi zaidi, na mwitikio ukawaka, kwa sababu protini 13 za ndani hazikulingana tena na zile zinazotoka kiinini. Kisha wakatumia doksisaiklini. Ni antibiotiki ya kawaida kabisa, iko katika kila duka la dawa kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Inazuia bakteria wasikue kwa kuziba ribosomu zao. Na kwa kuwa ribosomu za mitokondria zina nasaba ya bakteria, nazo zinazibwa kiasi. Minyoo waliopewa doksisaiklini waliishi zaidi. Margulis, aliyefariki mwaka 2011, hakuiona makala hiyo ya 2013. Ni mojawapo ya ushahidi mtamu ambao hoja yake iliwahi kupata.

Kwa nini mnyoo awe na mfumo wa namna hii? Maelezo yanayoniingia akilini yalitoka mwaka 2014. Mnyoo anaishi kwa kula bakteria, na baadhi ya bakteria wanajilinda kwa kuishambulia mitokondria. Pseudomonas aeruginosa, ambaye pia huwasumbua wagonjwa hospitalini kwenye vidonda na mapafu, hutoa sayanidi. Kikundi cha Haynes kilionyesha kwamba ATFS-1 inapokwenda kiinini huamsha pia jeni za kinga, na mnyoo anavumilia maambukizi vizuri zaidi. Kwa mnyoo, mitokondria iliyodhoofika ni dalili ya kushambuliwa. Maisha marefu tunayoyaona maabara, ambako hakuna adui, huenda ni faida ya pembeni ya ulinzi huo.

Mwaka huo huo wa 2014 ndipo wenye shauku walipomwagiwa maji. Christopher Bennett na Matt Kaeberlein, wa Seattle, waliuliza swali ambalo wengine walikuwa wamelikwepa: ukiwasha mwitikio huu peke yake, mnyoo anaishi zaidi? Hapana. Minyoo ambao ATFS-1 yao inafanya kazi muda wote hawakuishi zaidi, na baadhi ya minyoo waishio muda mrefu waliendelea kuishi hivyo hata ATFS-1 ilipoondolewa. Miaka miwili baadaye maabara ya Haynes yenyewe ikatoa matokeo ya kutisha zaidi: mnyoo akiwa na mchanganyiko wa DNA nzima na mbovu ya mitokondria, mwitikio unaodumu huisaidia ile mbovu istawi. Dawa ya kuokoa inageuka mlinzi wa mharibifu.

Nadhani hapo ndipo simulizi hii inapokuwa na maana kwa binadamu. Kwa panya na kwetu sisi mambo yana matawi mengi zaidi, na ishara nyingine zinatoka nje ya seli hadi kwenye damu. Wafini walionyesha mwaka 2011 kwamba homoni iitwayo FGF21 hupanda katika damu ya wagonjwa wenye kasoro ya mitokondria za misuli, kiasi cha kuweza kutumika kama kipimo. Nyingine, GDF15, hupanda pia, na hupanda kwa kila mtu kadiri umri unavyosogea. Mwitikio unaowaka kwa muda na kuzimika unajenga. Unaowaka miaka na miaka ni sehemu ya ugonjwa. Panya wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walioundwa mwaka 2004 na kikundi cha Nils-Göran Larsson wakiwa na kimeng'enya kinachokosea kunakili DNA ya mitokondria, wanaonyesha upande huo. Kuanzia karibu wiki ya 25 wananyonyoka manyoya, wanapinda mgongo, mifupa inapungua, na nusu yao wamekufa ifikapo wiki ya 48. Radikali zao, zilipopimwa, hazikuwa zimeongezeka kwa maana yoyote.

Na kuna mnyama wa Afrika Mashariki ambaye angemkosesha Harman usingizi. Fuko asiye na manyoya, Heterocephalus glaber, anaishi katika mashimo ya ardhi kavu ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Ana ukubwa wa panya wa nyumbani, ambaye akifugwa vizuri haendi mbali zaidi ya miaka mitatu au minne; yeye anapita miaka 30. Rochelle Buffenstein amewafuga kwa miongo kadhaa kutoka kizazi cha wanyama waliokamatwa Kenya. Mwaka 2006 yeye na wenzake walipima majeraha ya oksijeni mwilini mwao wakitarajia kuyakuta machache. Waliyakuta mengi kuliko ya panya, tena kwa wanyama ambao bado vijana. Fuko huyu amejeruhiwa tangu ujana na hajali.

Kwa binadamu, jaribio ninalolipenda ni dogo na lilifanyika Ujerumani. Michael Ristow wa Jena alichukua vijana wa kiume 39, akawafanyisha mazoezi makali kwa wiki nne, siku tano kila wiki. Nusu yao walimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E, wengine hawakumeza. Mazoezi huifanya misuli itumie oksijeni nyingi, mnyororo huvuja, superoksidi hupanda. Hilo lilitokea. Baada ya mwezi, miili ya wasiomeza vitamini iliitikia insulini vizuri zaidi, na jeni za vimeng'enya vyao vya kujilinda zilikuwa zimeamka. Waliomeza vitamini walitoka jasho lile lile bila kupata faida hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Harman, aliyekuwa akimeza vitamini hizo mbili na kukimbia maili mbili kwa siku hadi alipofika miaka 82, alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 98. Mimi naamini zilimsaidia mbio.

Linabaki la metformini, dawa ya kisukari inayomezwa na watu wengi mno katika nchi zetu. Mwaka 2000 vikundi viwili, cha Grenoble na cha Bristol, vilionyesha kwamba inabana hatua ya kwanza kabisa ya mnyororo wa mitokondria. Hurefusha maisha ya mnyoo. Nir Barzilai wa New York amependekeza ipimwe kwa wazee 3,000 wasio na kisukari ili ionekane kama inachelewesha maradhi ya uzeeni. Lakini mwaka 2019 Adam Konopka na wenzake walichapisha matokeo ya watu 53 wa umri wa miaka sitini hivi, wasio na kisukari, waliofanya mazoezi wiki 12: metformini ilipunguza faida waliyoipata kwenye pumzi na kwenye insulini, na ikazuia mitokondria za misuli zisiongeze uwezo wake. Misukosuko miwili ya kiasi, ikiwekwa pamoja, haikujumlishwa.

Kwa hiyo, hadi leo hakuna dawa yoyote iliyoidhinishwa kupunguza kasi ya uzee kwa kuusumbua mnyororo wa mitokondria. Asiye mgonjwa asinunue doksisaiklini wala metformini kwa sababu ya mnyoo. Doksisaiklini ikimezwa ovyo inawazoeza bakteria dawa, na hasara hiyo ni ya wote. Aliyeandikiwa metformini na daktari kwa ajili ya kisukari aendelee kuimeza kama alivyoelekezwa, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa inaua mapema kuliko uzee. Na anayetoka kukimbia jioni asione haja ya kumalizia na kidonge cha vitamini E.